Charles Ponzi: biashara yake iliuzwa bei gani?



Katika migodi na makaryeri yetu kuna biashara moja inazunguka kila mwisho wa mwezi. Mtu anakuja na karatasi yenye viduara: yeye juu, watu wawili chini yake, wanne chini ya wale wawili, nane chini ya wale wanne. Anauza dawa za miti, sabuni ao kahawa. Mara ingine hauzi kitu, anapokea makuta tu. Na sasa kumeongezeka jambo lingine: mtu akichoka ao akihama, anaweka nafasi yake kwa kuuza. Anasema iko na watu mia moja chini yake, iko inamletea kitu kila mwezi, kwa hiyo bei ni faida ya miaka miwili. Mfanyakazi aliyepokea dekonti yake ya mwisho anajiuliza: ninunue ao niache?

Sisi wa sendika tumeletewa hii ulizo mara mingi, hapa Kirungu na kwa ndugu zetu wa migodi ya mbali. Kwa kuijibu tumeona vema tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye jina lake mpaka leo linatajwa kila mahali biashara ya namna hii inapoanguka. Katika maisha yake ilifika siku moja ambapo bei ya kweli ilionekana waziwazi, mu barabara, mbele ya macho ya watu.

Carlo Ponzi, ambaye Waamerika walimwita Charles, alizaliwa tarehe 3 Machi 1882 huko Lugo, katika Italia. Alipelekwa kusoma Roma kwenye chuo kikuu, lakini alikula makuta ya masomo pamoja na marafiki matajiri na hakumaliza. Tarehe 15 Novemba 1903 alishuka katika bandari ya Boston, Marekani. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alibaki na dola mbili na nusu tu mfukoni, ingine aliipoteza kwa kucheza kamari ndani ya mashua. Aliosha sahani, alipeleka chakula mezani, alifukuzwa, akatafuta tena. Mpaka hapo ni maisha ya kila mgeni anayetafuta kazi.

Mwaka 1907 akaenda Montreal, Kanada, akapata kazi katika banki ya Mwitalia mmoja, Zarossi. Ile banki ilikuwa ya wafanyakazi wageni, watu wenye kuchunga mshahara na kutuma sehemu kwa wazazi wao ng'ambo. Zarossi aliwaahidi faida ya asilimia 6, mara mbili ya banki zingine, na watu wakaja kwa wingi. Lakini mikopo aliyotoa haikurudi, na faida ya wale wa kwanza ikawa inalipwa na makuta ya wale walioingia nyuma. Mwisho Zarossi akakimbilia Mexico, na wafanyakazi wakabaki na vitabu vya banki mikononi. Ponzi aliona yote kwa macho yake. Naye akaandika cheki ya uongo ya dola 423 na senti 58, akakamatwa, akahukumiwa miaka mitatu ya jela. Alipotoka alisaidia Waitalia kuvuka mpaka bila ruhusa, akafungwa tena miaka miwili huko Atlanta.

Sasa inakuja sehemu ambayo sisi watu wa migodi hatuwezi kuiruka. Kutoka jela, Ponzi alifika Blocton, katika jimbo la Alabama, mahali pa wachimbaji wa makaa ya mawe. Alifanya kazi ya kusaidia wagonjwa. Siku moja muuguzi mmoja mwanamke aliungua vibaya sana kwa jiko lililolipuka, na daktari akatafuta watu wa kutoa ngozi ili wamponyeshe. Ponzi alitoa ngozi yake. Walimkata mapajani na mgongoni, naye akalala hospitalini siku mingi kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ndugu yake.

Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tunafikiri mtu wa kutuponza atakuja na sura mbaya. Hapana. Anaweza kuwa mtu mwenye roho ya kusaidia, mwenye kucheka na kila mtu, anayetembelea wagonjwa na kuchanga kwa msiba. Tabia ya mtu ni jambo moja, hesabu ya biashara yake ni jambo lingine. Ukitaka kujua hesabu, tazama hesabu.

Mwaka 1917 Ponzi alirudi Boston. Akawa karani katika kampuni ya J. R. Poole, na mwaka 1918 akamwoa Rose Gnecco. Alijaribu kazi yake mwenyewe, haikutembea. Ndipo mwezi wa Agosti 1919 akapokea barua kutoka Hispania, na ndani yake kulikuwa na kuponi ya posta.

Ile kuponi ilikuwa kitu cha kawaida. Ukimwandikia mtu wa inchi ingine na unataka akujibu bila gharama, unanunua kuponi kwenye posta yako, unaitia mu barua, naye anaipeleka kwenye posta yake na kupewa stempu. Vita vya 1914 mpaka 1918 viliangusha makuta ya inchi mingi za Ulaya. Kwa hiyo kuponi iliyonunuliwa kwa bei ndogo Hispania ao Italia ilipata stempu za bei kubwa zaidi Amerika. Ponzi akaona faida hapo, na kwa karatasi faida ilikuwa ya kweli. Lakini kila kuponi ni senti chache tu, na posta inakupa stempu, haikupi makuta. Ili upate mamilioni ya dola, utahitaji kuponi za kujaza mashua.

Mwezi wa Desemba 1919 alifungua kampuni yake katika barabara School Street, akiwa na mtaji wa dola 150. Jina lake lilikuwa Securities Exchange Company. Ahadi ilikuwa rahisi: niazime dola 100, na kiisha siku 90 nitakurudishia 150. Na mara mingi alilipa siku 45 tu zikipita. Kila mtu alipewa karatasi ya deni yenye ile hesabu. Ukiuliza faida inatoka wapi, ulisimuliwa habari ya kuponi.

Mwanzoni watu walikuwa wachache. Aliwalipa, na kila aliyelipwa akawa shahidi kwa jirani zake. Kisha Ponzi akaweka mawakala. Wakala aliyeleta makuta ya mtu mwingine alipewa komisyo ya asilimia 10. Mawakala nao wakatafuta watu wa chini yao, wakawapa asilimia 5. Hapa njo ile karatasi yenye viduara ilipoanza kufanana na biashara ya Ponzi: mtu wa juu anakula kwa yule aliye chini, na yule wa chini anatafuta mwingine wa kumweka chini yake. Wakaja wafanyakazi wa viwanda, wauza duka, wajane, hata polisi. Na wengi, karatasi ilipofika siku yake, hawakuchukua makuta. Waliandika karatasi mpya, kubwa zaidi.

Kufika Julai 1920 Ponzi alikuwa anapokea karibu dola milioni moja kila wiki. Korti kuu ya Marekani, ilipochunguza baadaye, iliandika hesabu yote: kwa miezi minane alipokea dola 9,582,000, na juu yake akaandika karatasi za deni za dola 14,374,000. Hakuna mahali alipoyaweka yale makuta yakazaa. Hesabu ni kama hivi: mtu analeta dola 100, Ponzi anakuwa na deni la 150 kwake, na 10 kwa wakala. Dola 100 inaingia, 160 inatakiwa kutoka. Kila mtu mpya aliyeingia alizidisha shimo. Kwa hiyo, kadiri biashara ilivyoonekana inafanikiwa, njo ilivyozidi kufilisika.

Na Ponzi mwenyewe aliweka wapi makuta? Tuangalie sana hapa. Alinunua nyumba nzuri huko Lexington. Alinunua gari. Alinunua hisa za banki Hanover Trust, mpaka akawa na sauti kubwa ndani yake. Alinunua hata ile kampuni ya Poole, mahali alipokuwa karani. Alitafuta vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvinunua kesho. Karatasi zake mwenyewe hakuzinunua.

Gazeti la Boston Post likaanza kuuliza. Likamwita Clarence Barron, mtu aliyejua sana mambo ya fedha, naye akafanya hesabu mbili rahisi. Ya kwanza: ili biashara ya Ponzi iwe ya kweli, kungehitajika kuponi milioni 160 zitembee duniani, na zilizokuwa zinatembea zilikuwa karibu 27,000 tu. Ya pili: kama huyu bwana anaweza kuzalisha nusu ya mtaji kwa siku 45, kwa nini makuta yake mwenyewe ameyaweka mahali pengine, penye faida ndogo?

Tarehe 26 Julai 1920 Ponzi alikubaliana na wakubwa wa sheria asipokee makuta mapya mpaka hesabu ichunguzwe. Ile siku maelfu ya watu wakajaa mbele ya ofisi. Ponzi akalipa, akatabasamu, akawagawia kahawa na mandazi. Wengine wakatulia, wakarudi nyumbani na karatasi zao.

Sasa sikieni habari ya bei. Wakati watu wamesimama kwenye mstari, kukatokea wanunuzi wanaotembea kando ya ule mstari. Walimwambia mwenye karatasi kwamba watamnunulia hapohapo, kwa makuta taslimu, chini ya ile bei iliyoandikwa. Mwenye woga aliuza na hasara yake, mnunuzi akatumaini kwamba Ponzi ataendelea kulipa. Hiyo njo ilikuwa soko la kwanza la kuuza tena biashara ya Ponzi. Karatasi ilisema hesabu moja, mkono wa mnunuzi ulisema ingine. Na yule mnunuzi hakulipia kuponi wala akili ya Ponzi. Alilipia jambo moja tu, matumaini kwamba kesho kutakuwa tena mtu wa kulipa.

Yale matumaini hayakukaa. Tarehe 2 Agosti yule aliyekuwa anamfanyia Ponzi matangazo, William McMasters, aliandika katika Boston Post kwamba bwana wake amefilisika kabisa. Tarehe 11 Agosti gazeti likatoa habari ya jela ya Montreal. Tarehe 12 Agosti Ponzi alikamatwa. Mkaguzi wa hesabu alikuta deni la karibu dola milioni 7. Banki ya Hanover Trust ilifungwa, na banki zingine zikaanguka pamoja nayo.

Tujiulize wakati huo ile kampuni ilikuwa na nini cha kuuza. Kulikuwa na nyumba, hisa, na makuta yaliyobaki katika banki. Hivyo vilikuwa vitu vya kweli, na njo vilivyogawanywa. Lakini kampuni yenyewe, yaani maelfu ya watu walioandikwa, mawakala na mawakala wa mawakala, ile ambayo mwezi mmoja mbele ilionekana kuwa mali kubwa ya Boston, haikuwa na bei. Kila jina katika kitabu lilikuwa deni. Nani ananunua kitabu cha madeni ya mwingine?

Miaka ikapita katika korti. Mwisho wa yote watu walirudishiwa karibu senti 37 kwa kila dola. Na kuna wengine waliopata shida mara mbili. Wale waliowahi kurudishiwa makuta yao katika siku za mwanzo za Agosti, wakati habari ya kufilisika imekwisha kutoka, waliitwa mbele ya sheria. Mwaka 1924 korti kuu iliamua kwamba wayarudishe ili yagawanywe na wengine wote. Kwa hiyo hata aliyefikiri ametoka salama hakuwa ametoka.

Ponzi alifungwa na serikali kuu, kisha akafungwa na jimbo la Massachusetts. Mwaka 1934 alirudishwa Italia kwa nguvu. Rose alibaki Amerika, wakaachana. Yeye akaenda Brazil kufanya kazi na kampuni ya ndege ya Italia, vita ikaja, kazi ikaisha. Akaugua, macho yakapungua, upande mmoja wa mwili ukakufa. Tarehe 18 Januari 1949 alikufa katika hospitali ya maskini huko Rio de Janeiro, na aliacha dola 75 za kumzika.

Hii mambo haikubaki kwa Waamerika. Wazee wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoanguka mwaka 1991 na makuta ya watu wengi sana. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, watu walipanda mbegu zao katika DECI wakingoja kuvuna, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009.

Tuwe wa haki. Si kila biashara ya mtandao ni wizi kama ule wa Ponzi. Ziko zenye bidhaa za kweli, zinafanya kazi na kibali. Lakini mtu akitaka kukuuzia nafasi yake, hesabu ya bei ni ileile ya School Street: watu wapya wakiacha kuingia kesho, nini kinabaki?

Tufanye mfano. Muuzaji anasema nafasi yake inaleta dola 100 kwa mwezi, kwa hiyo anaomba dola 2,400 ya miaka miwili. Mwulize katika ile 100, ngapi inatoka kwa viingilio vya watu wapya. Anasema 70. Iondoe, kwa sababu hakuna anayeweza kukuahidi watu wapya. Inabaki 30. Mwulize ni bidhaa ya ngapi lazima anunue yeye mwenyewe kila mwezi ili nafasi isifungwe. Anasema 20. Inabaki 10. Hesabu sasa pikipiki za kwenda kwenye mikutano, vitengo vya simu, na kuchapisha karatasi: 8. Inabaki dola 2. Kwa miezi 24 ni dola 48. Hiyo njo bei, na bado hatujaweka hatari.

Na hatari iko kubwa. Ya kwanza: wale mia moja walimfuata yeye. Mmoja ni shemeji yake, mwingine ni mwenzake wa ekipe, mwingine wanaimba naye mu kwaya. Wewe hawakujui. Siku akitoka, nao wanatoka. Binadamu si mbuzi, hauzwi pamoja na kamba yake. Ya pili: mara mingi mkataba unasema nafasi haiuzwi bila ruhusa ya kampuni, na kampuni inaweza kubadili komisyo wakati inapotaka. Soma ile karatasi kabla ya kutoa franga. Ya tatu ni hesabu ya viduara vyenyewe. Kila mtu akileta wawili, mstari wa ishirini chini ya mtu wa juu utahitaji watu 1,048,576. Na wakati wowote unapoisimamisha, wale wa mstari wa chini kabisa wanakuwa wengi kuliko wote wa juu wakiwekwa pamoja. Maana yake, zaidi ya nusu hawana mtu chini yao, na nafasi yao haina wa kuinunua.

Linganisheni na vitu tunavyovijua. Mashini ya kusaga muhindi, pampu ya maji, cherehani, pikipiki, kiwanja chenye hati: vyote vinachakaa ao vinashuka bei, lakini unaweza kuviuza sokoni kwa mtu asiyekujua hata jina. Linganisheni pia na likelemba yetu. Likelemba haiahidi kuzaa. Watu kumi wanachanga, kila mmoja anapokea kwa zamu kile wengine walichochanga, na mzunguko ukiisha hakuna aliyebaki chini.

Dekonti ya mchimbaji ni miaka yake ya shimo, vumbi na mgongo. Haiji mara mbili. Kwa hiyo tunaomba kila mwanachama: usitie saini siku ya paye, wala siku ya mkutano wenye nyimbo na makofi. Chukua ile karatasi uilete kwa delege wa sendika, tuipige hesabu pamoja na bibi yako akiwa hapo, kwa sababu makuta ni ya nyumba. Muuzaji naye aje kama anataka. Tutamwuliza yale tuliyoyaandika hapa juu, na tutaongeza ulizo la Barron: kama hii nafasi inakupa dola 100 kila mwezi hata ukiwa umelala, kwa nini unaiuza?